Lyon ya Mama Brazier: shajara ya safari ya Desemba

Jumatano

Treni ya mwendo kasi iliondoka Paris saa nne asubuhi, na ilipotimu saa sita nilikuwa nimeshashuka stesheni ya Part-Dieu, Lyon, nikimtafuta wifi yangu katika umati. Reli hii ilikuwa ya kwanza ya aina yake nchini Ufaransa. Ilianza kazi mwaka 1981, na ilipokamilika mwaka 1983 mwendo wa zaidi ya kilomita 400 ukawa wa saa mbili tu. Wifi ni mzaliwa wa Bukavu. "Karibu, wifi, karibu sana," akasema, akanifungia koti mpaka kidevuni kabla hata ya kuuliza habari za nyumbani.

Yeye na kaka yangu wanaishi Guillotière, upande wa mashariki wa mto Rhône. Kwa karne nyingi daraja la mtaa huu ndilo lililokuwa pekee la kuvukia Rhône kuingia mjini, kwa hiyo aliyetoka Italia au milima ya Alps alipita hapa, akalala hapa, na wengine hawakuondoka tena. Mpaka leo ni mtaa wa wageni. Madukani nimekuta unga wa muhogo, sombe iliyogandishwa, dagaa, bizari na mchele wa kila aina, na Kiswahili cha Kivu nimekisikia barabarani kabla hatujafika nyumbani.

Nimekuja kwa ajili ya chakula. Mwaka 1935 mwandishi wa mambo ya mapishi aliyejulikana kama Curnonsky, jina lake halisi Maurice Edmond Sailland, aliutangaza mji huu kuwa makao makuu ya chakula duniani, na wenyeji wanakilinda cheo hicho mpaka leo. Lakini Paris ndiko walikokaa wafalme. Paris ndiko kwenye fedha na mahoteli makubwa. Kwa nini Lyon?

Kaka, ambaye ni dereva wa basi la umeme, alinijibu usiku kwa ramani. "Tazama hapa, dada." Kaskazini-mashariki ni Bresse na kuku wake wa manyoya meupe, upanga mwekundu na miguu ya buluu, rangi tatu za bendera ya taifa, ambaye jina lake linalindwa kwa sheria ya mwaka 1957. Jirani yake ni Dombes, nchi ya mabwawa, kwenye samaki na vyura. Kaskazini-magharibi wanafuga ng'ombe weupe wa Charolais. Mashariki inatoka jibini ya milimani, kusini matunda ya bonde la Rhône. Mashamba ya zabibu ya Beaujolais yapo karibu kiasi kwamba watu wa hapa husema Lyon ina mito mitatu: Rhône, Saône na Beaujolais.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Bado sikuridhika. Nchi zenye rutuba ni nyingi, na nyingi kati yake hazisifiwi kwa chakula. Lazima yupo aliyekipika, na huyo ndiye ninayemtaka.

Alhamisi

Baridi kali, jua jembamba. Tulipanda kilima cha Fourvière kwa treni ya kuvutwa kwa kamba, ambayo wenyeji huiita ficelle.

Mji ulianzia juu hapa. Mwaka 43 kabla ya Kristo gavana wa Kirumi Lucius Munatius Plancus aliuasisi akauita Lugdunum, na baadaye ukawa mji mkuu wa majimbo matatu ya Gaul, jina la kale la Ufaransa. Maji ya kulisha kilima hiki yaliletwa kwa mifereji minne ya kujengwa. Mrefu kuliko yote, ule wa Gier, ulikuwa na kilomita zipatazo 85. Ukumbi wa michezo wa Warumi, ambao katika ukubwa wake wa mwisho uliweza kukalisha watu wapatao 10,000, ulifukiwa ukasahaulika, na kazi ya kuufukua ilianza mwaka 1933. Siku hizi kila majira ya joto watu huketi tena juu ya mawe yale yale kusikiliza muziki na kutazama tamthilia.

Pembeni kuna makumbusho yaliyochimbwa ndani ya kilima. Humo nilisimama muda mrefu mbele ya kibao kimoja cha shaba. Kaisari Claudius alizaliwa Lugdunum mwaka 10 kabla ya Kristo. Mwaka 48 baada ya Kristo alisimama mbele ya baraza la seneti la Roma akataka wakuu wa Gaul waruhusiwe kuwa maseneta. Kuna waliowaona kuwa ni wageni. Yeye akawakumbusha kwamba Roma yenyewe iliwahi kutawaliwa na wafalme waliotoka kwingine. Hotuba ikachorwa kwenye shaba, na sehemu yake iliyobaki ilichimbuliwa mwaka 1528 katika shamba la mizabibu la muuza vitambaa, kwenye kilima cha pili cha mji, Croix-Rousse. Wifi, anayejua foleni za vibali vya kuishi, alisoma tafsiri yote neno kwa neno.

Kanisa kubwa lililo juu ya kilima lilijengwa kutokana na nadhiri ya mwaka 1870, Waprusi walipokuwa wanakaribia. Wenyeji humwona tembo aliyelala chali, kwa sababu ya minara yake minne. Ndani ni dhahabu na vigae vya rangi kutoka sakafuni hadi darini. Macho yangu yalichoka haraka.

Tulishuka kwa miguu hadi Vieux Lyon, mji wa kale uliojengeka chini ya kilima, kando ya Saône. Nyumba nyingi ni za karne ya 15 na ya 16, enzi ambayo mabenki ya Italia yalifungua ofisi hapa kwa sababu ya magulio makubwa ya mwaka, na wachapaji vitabu wakaanza kazi mwaka 1473. Ukiusukuma mlango wa nambari 54 rue Saint-Jean, mlango wa kawaida kabisa, unaingia katika njia ya giza inayokatiza chini ya majumba na kupita nyua nne, ukatokee nambari 27 rue du Bœuf, barabara nyingine kabisa. Njia za namna hii huitwa traboule, na mjini zipo kwa mamia. Watu wanaishi humo, kwa hiyo tulipita kimya, tukichungulia ngazi za mawe zilizojizungusha ndani ya minara.

Inatisha kufikiri kwamba mtaa huu wote ulikaribia kuvunjwa. Katikati ya karne ya 20 ulionekana ni uchafu wa kusafishwa, na palikuwa na mpango wa kupitisha barabara kuu. Wakazi walipinga, na mwaka 1964 ukawa mtaa wa kwanza Ufaransa kulindwa kwa sheria mpya ya kuhifadhi miji ya kale. Mwaka 1998 UNESCO ikaiingiza sehemu kubwa ya mji katika Urithi wa Dunia.

Chakula cha mchana kilikuwa quenelle. Samaki wa mtoni aitwaye brochet ana miiba midogo isiyo na hesabu, na watu wengi wangemrudisha majini. Hapa wanamsaga, wanamchuja, wanamchanganya na unga, mayai na siagi, wanafinyanga donge refu na kulichemsha. Halafu linaingia jikoni tena na mchuzi wa kamba wa maji baridi, linavimba na kupata ganda la rangi ya kahawia. Uma unazama wenyewe. Nilianza kuwaelewa watu hawa: samaki wa shida amegeuzwa kuwa chakula cha kujivunia.

Ijumaa, 8 Desemba

Siku ya mâchon, mlo mzito wa asubuhi wa Lyon. Wifi alikuwa ameagiza mapema, na saa tatu asubuhi tuliingia katika bouchon, kama wanavyoyaita migahawa ya kienyeji: chumba kidogo, meza zimebanana, vitambaa vya miraba myekundu na meupe. Mpishi alikuwa mama wa makamo. Alitoka jikoni akamsalimu kila mteja mezani kwake, kisha akarudi kwenye masufuria.

Kikaja chakula. Viazi vya moto na soseji nene ya kitimoto. Masalia ya mafuta ya nguruwe yaliyokaangwa mpaka yakakauka. Dengu. Kisha tablier de sapeur, yaani utumbo wa ng'ombe uliolowekwa, ukapakwa yai na chenga za mkate na kukaangwa ukawa na ganda gumu huku ndani ni laini. Mwisho jibini laini jeupe lililopigwa pamoja na vitunguu majani, kitunguu saumu, siki na mafuta. Jina lake ni cervelle de canut, ubongo wa mfumaji. Wenzetu walishushia kwa divai iliyoletwa katika chupa yenye kitako kinene, ya sentilita 46 kamili, kipimo cha Lyon peke yake. Sisi tulikunywa kahawa.

Nani anakula hivi asubuhi? Mtu wa Dar anayepitia supu ya utumbo kabla ya kwenda kazini hahitaji kuelezwa. Wafumaji wa hariri wa Lyon, waliojulikana kama canuts, waliamka gizani, na ilipofika katikati ya asubuhi walikuwa wameshafanya kazi saa kadhaa. Nyama nono ilikwenda kwa matajiri. Wao waliweza kununua utumbo, kichwa, miguu, sikio, na wake zao pamoja na wenye vibanda wakavipika kwa saa nyingi mpaka vikawa vitamu. Kitabu cha mapishi cha Lyon kimeandikwa na watu hao. Kumbe nilichokuwa nakitafuta kwenye ramani ya kaka kilikuwa kwenye sahani.

Baada ya hapo tulipanda Croix-Rousse. Jules Michelet, mwanahistoria wa karne ya 19, alivitofautisha vilima viwili vya mji: Fourvière kilima kinachosali, Croix-Rousse kilima kinachofanya kazi. Ukitazama nyumba zake unaona kazi hiyo kwenye kuta: madirisha marefu kwa ajili ya mwanga, dari za mita nne hivi ili kitanda cha mfumi, yaani mashine ya kufumia, kiweze kusimama. Familia ilifanya kazi, ikapika na kulala chumba kimoja na mashine.

Hariri yenyewe ilipata nguvu hapa mwaka 1536, Mfalme François wa Kwanza alipotoa ruhusa maalumu ya kuifuma Lyon ili Ufaransa isiendelee kununua kwa Waitaliano. Mwanzoni mwa karne ya 19 Joseph Marie Jacquard, mzaliwa wa hapa, akaleta mtambo unaoongozwa na kadi zenye matundu. Penye tundu sindano inapita, pasipo na tundu haipiti, na nyuzi zinainuka kwa mpangilio huo. Katika nyumba ya maonyesho ya wafumaji tuliuona ukifanya kazi, na sakafu ilitetemeka. Picha ya Jacquard mwenyewe iliyofumwa kwa hariri baada ya kifo chake ilihitaji kadi zipatazo 24,000. Mwingereza Charles Babbage alikuwa na nakala yake, na kadi hizo alizichukulia kuwa mfano alipobuni mashine yake ya kukokotoa, babu wa kompyuta.

Lakini waliofuma nguo za wafalme walilipwa kwa kipande, na bei ya kipande ilishushwa kila biashara ilipoyumba. Oktoba 1831 walikubaliana na wawakilishi wa wafanyabiashara juu ya bei ya chini. Baadhi ya wafanyabiashara wakaikataa. Novemba hiyo wafumaji walishuka kilima hiki na bendera nyeusi yenye maneno "Kuishi kwa kufanya kazi au kufa tukipigana", wakautwaa mji mzima. Serikali ilileta jeshi kubwa kuurudisha, na makubaliano ya bei yakafutwa. Waliinuka tena Aprili 1834, wakapigwa vibaya zaidi. Tulisimama katika uwanja wa Cour des Voraces, chini ya ngazi zake kubwa za mawe zilizo wazi, ghorofa juu ya ghorofa. Hizi traboule za mlimani zilisaidia kubeba majora bila kulowa mvua, zikasaidia wafumaji kuwakwepa askari, na zaidi ya miaka mia moja baadaye zikawasaidia waliopinga Wanazi. Lyon ilikuwa ngome ya wapinzani hao. Karibu na hapa, Caluire, ndiko alikokamatwa kiongozi wao, Jean Moulin, tarehe 21 Juni 1943.

Jioni mji ulibadilika. Mwaka 1852 sanamu ya Bikira Maria iliyopakwa dhahabu ilikuwa izinduliwe Fourvière tarehe 8 Septemba, lakini mafuriko ya Saône yalichelewesha kazi ya fundi, sherehe ikasogezwa hadi 8 Desemba. Siku hiyo ikaja dhoruba. Viongozi wakataka kuahirisha. Mvua ilipokatika jioni, watu wenyewe wakawasha mishumaa madirishani, nyumba hadi nyumba, na tangu hapo desturi haijakatika. Siku hizi manispaa huongeza taa za ufundi wa hali ya juu kwenye majengo makubwa, na wageni hufurika kwa mamia ya maelfu. Taa hizo ni nzuri kweli. Mimi niliipenda zaidi mishumaa ya madirishani, katika vibilauri vyenye mistari, ghorofa ya nne, ya tano, ya sita. Wifi naye alipanga vyake kabla hatujatoka; alisema kwao Bukavu pia tarehe 8 Desemba haipiti hivi hivi.

Jumamosi

Leo ni Siku ya Uhuru kwetu, kaka akaamka na wimbo wa taifa. Chai, maandazi ya wifi, kisha nikaenda peke yangu rue Royale, nambari 12.

Eugénie Brazier alizaliwa mwaka 1895 katika familia ya wakulima maskini karibu na Bourg-en-Bresse. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka kumi, akapelekwa kufanya kazi kwenye mashamba ya watu. Alipopata mtoto bila ndoa, baba yake alimfukuza. Akaja Lyon kuwa mtumishi wa nyumbani, akaingia jikoni, akajifunza kwa Mama Fillioux, mwanamke aliyekuwa na sifa ya kukata kuku mwenyewe mbele ya wateja. Mwaka 1921 akafungua mgahawa wake mtaa huu. Mwaka 1933 Michelin, mwongozo wa migahawa, ulimpa nyota tatu, daraja la juu kabisa, kwa mgahawa wa hapa, na nyota tatu nyingine kwa ule wa Col de la Luère, nje ya mji. Nyota sita kwa mtu mmoja! Kabla yake hakuna mpishi yeyote, mume au mke, aliyewahi kuzipata.

Hakuwa peke yake. Mji ulikuwa na akina mama wengi wa namna hiyo, mères, ambao wengi wao walikuwa wapishi wa matajiri, na nyumba zile zilipopungukiwa, hasa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakafungua migahawa yao. Walipika vitu vichache, kila siku vile vile, bila kubahatisha. Chakula kilichompa Mama Brazier jina ni kuku wa Bresse aliyepenyezewa vipande vya uyoga mweusi wa truffle chini ya ngozi, akachemshwa polepole katika mchuzi. Mgahawa bado upo na bado una jina lake. Bei yake si ya mfuko wangu. Nilisoma orodha ya vyakula mlangoni kuanzia juu hadi chini, na nilifurahi kusimama pale.

Kutoka hapo nilikwenda Halles, soko la ndani lililofunguliwa mwaka 1971, ambalo tangu 2006 lina jina la mpishi Paul Bocuse. Bocuse alizaliwa Collonges, jirani na Lyon, mwaka 1926, akafa huko huko mwaka 2018, na mgahawa wake ulishika nyota tatu tangu 1965 hadi mapema 2020. Ndiye aliyewatoa wapishi jikoni wakaanza kujulikana kwa nyuso na majina. Lakini baada ya vita, akiwa kijana, alifanya kazi kwa Mama Brazier kule Col de la Luère: kukamua ng'ombe, kulima bustani, kufua, kupiga pasi, na kupika. Yeye mwenyewe alilisema hilo waziwazi maisha yake yote. Ningependa jina la mwalimu wake liwe kwenye lango lile pamoja na lake.

Sokoni nilinunua andazi kubwa la lozi zilizopikwa katika sukari nyekundu. Utamu wake unaganda menoni. Nilikula nusu nikiwa njiani.

Jumapili

Asubuhi soko la quai Saint-Antoine, kando ya Saône. Wifi anachagua jibini kwa kidole. Alinichagulia Saint-Marcellin, dogo na bapa, lililolegea kiasi cha kutaka kumwagika. "Likiwa gumu usichukue, wifi."

Kisha metro hadi Monplaisir. Hapa ndipo Louis Lumière, mmoja wa waanzilishi wa sinema, aliposimamisha kamera tarehe 19 Machi 1895 mbele ya lango la kiwanda cha familia, kilichotengeneza vioo vya kupigia picha, akawapiga picha wafanyakazi wakitoka kazini. Filamu haifiki dakika moja. Barabara sasa inaitwa rue du Premier-Film, na paa la banda la kiwanda limehifadhiwa. Wengi wanaotoka langoni ni wanawake, wamevaa kofia na sketi ndefu, wanakwenda haraka, na mmoja anamvuta mwenzake sketi. Niliitazama tena na tena. Miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuonekana katika sinema ni hawa wasichana wa kazi wa Lyon, na huenda walikuwa wanawahi chakula.

Alasiri tulifika penye ncha ambapo mito inakutana, chini ya makumbusho ya Confluences yaliyofunguliwa mwaka 2014. Rhône inatoka barafuni Uswisi kwa kasi, Saône inakuja taratibu kutoka kaskazini, na rangi zao hazichanganyiki mara moja. Kulikuwa na upepo, hatukukaa.

Anayekusudia kuja ajue haya. Bouchon nyingi hufungwa Jumapili na Jumatatu, kwa hiyo milo yako ipange kati ya Jumanne na Jumamosi. Mâchon si kila mahali wanapika, uliza na uagize mapema. Usiyekula nguruwe, soma orodha kwa makini, maana anaingia hata kwenye saladi ya kienyeji. Quenelle, jibini na supu ya vitunguu vitakufaa, lakini ulizia mchuzi uliopikiwa. Ukija wakati wa sikukuu ya taa, chumba ukitafute miezi kabla. Viatu vyako viwe vya kupandia ngazi.